Kadi ya Mama Mkwe: Sehemu ya Sita

Mkono wa askari Norquist uko palepale tulipouacha, msomaji: juu ya zipu ya mkoba wa Pa Nhia.

"Utaufungua mwenyewe au niufungue mimi?"

"Nitaufungua mwenyewe," alisema Pa Nhia. "Ngoja kwanza nimvishe mzee soksi. Miguu yake imepoa."

Akapiga goti. Askari amesimama, Galen Stordahl, yule mkwe, ameegemea friji anatafuna keki ya mama mkwe wake, na msichana anayeitwa mwizi anamvisha Mzee Orrin Bakken soksi ya kulia, kisha ya kushoto, anazivuta taratibu zisimbane. Alipomaliza alisimama, akaumimina mkoba wote juu ya meza ya jikoni.

Kopo la wali na mboga. Glovu za kazi. Sweta. Kitana. Dawa ya kikohozi. Chaja ya simu yake mwenyewe, waya umeviringishwa plasta ya vidonda.

Simu ya Galen haikuwemo.

Kama ulikosa gazeti wiki zilizopita, habari ni fupi na inanuka. Galen, mume wa Kirsten, binti wa nyumba hii, alikuja Alhamisi analalama kwamba simu yake mpya iliibwa Jumatano hapa hapa jikoni kwa wakwe zake, wakati nyumbani hakukuwa na mtu ila mgonjwa na mhudumu wake. Mgonjwa ni Orrin, aliyepigwa kiharusi. Mhudumu ni Pa Nhia Xiong, binti wa Kihmong, wale waliokimbia vita vya Laos, aliyekulia mjini Saint Paul, anayemwogesha, anayemlisha, anayemgeuza kitandani. Mama mwenye nyumba, Marlys, alikuwa kanisani akisaidia kupika supu.

Sasa, simu hiyo ya Galen analipia nani? Marlys. Laini nne ziko kwenye bili moja: ya mama, ya baba, ya binti, na ya bwana aliyemwoa binti. Bili hiyo Marlys huilipa kwa kadi yake ya benki, na kadi ina zawadi ndani yake: ukilipia simu kwa kadi hiyo, simu zote za kwenye bili zina bima bure. Ndiyo maana mwanamume mzima, mwenye duka la boti na ndevu zake, bado ananing'inia kwenye bili ya mama mkwe. Na haoni haya. Huku Minnesota hakuna anayeona haya kwa jambo hilo. Nimekaa nao miaka mingi, theluji nimeizoea, hili bado linanishinda.

"Haimo," alisema Norquist. Alikuwa mtu mwema mvivu, na leo Jumamosi alitaka kurudi nyumbani mapema.

"Ulitegemea imo?" Galen alijipangusa makombo. "Ameshaipiga bei. Ana binamu kibao huko mjini. Kawaulize hao."

"Binamu zangu ni wengi kweli," alisema Pa Nhia, "na wote wanajilipia simu."

Mzee Orrin alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kiharusi kilimnyang'anya maneno yake yote kasoro tusi moja, ambalo mhariri wa gazeti hili hataki kulisikia. Alilitoa lilivyo, zima, akimtazama Galen usoni.

"Unaona? Hata baba anakubaliana na mimi," alisema Galen.

Na Marlys je? Marlys alikuwa anamimina kahawa. Askari anapekua vitu vya mtoto wa watu, yeye anamuuliza askari kama ataweka maziwa. Akamkatia na keki. Huo ndio ugonjwa wa hawa ninaoishi nao: heri mtu aonewe kimyakimya kuliko mtu kupaza sauti jikoni. Nampenda Marlys, lakini kahawa ile ningeimwaga sakafuni.

Simu ya Pa Nhia ililia. Alikuwa msimamizi wake wa kazi. Alisikiliza, akaiweka mfukoni.

"Wameniondoa," alisema. "Nisikanyage tena hapa. Jumatatu wanapeleka jina langu jimboni, kwenye daftari la wahudumu. Likiandikwa kule kwamba nimeiba kwenye nyumba ya mgonjwa, sitaruhusiwa kumhudumia mgonjwa mwingine maishani mwangu. Si hapa tu. Popote."

"Lakini hawana ushahidi!" alisema Marlys.

"Wana ripoti ya polisi, mama. Kwao inatosha."

Akarudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja. Mlangoni aligeuka. "Mzee akinywa maji, kidevu kiwe chini. Akiinua kichwa atapaliwa." Halafu akatoka nje, kwenye baridi ya kukata masikio, koti halijafungwa vifungo.

Gari lake lilikuwa bado linakohoa uani, halijawaka sawasawa, Galen aliposema: "Afisa, hiyo nakala ya ripoti naipata lini? Watu wa bima wanaisubiri."

"Jumatatu au Jumanne."

"Leo haiwezekani?"

Hapo ndipo birika la Marlys liliposimama hewani.

Msomaji, nimeona watu wachafu. Nimeona wanaoiba sadaka na wanaopiga wazee. Lakini mtu ambaye machozi ya mwenzake hayajakauka, tayari ananyoosha mkono apewe karatasi, huyo ananitia kichefuchefu cha kweli, cha tumboni.

Galen hakugundua kitu. Alimpigapiga mama mkwe begani. "Usijali mama, kadi yako ndiyo inayolipa. Wewe hupotezi hata senti. Acha nikamchukue Kirsten, mchana tunakwenda kuvua."

Alipotoka, na askari naye akaenda zake na kipande cha keki ndani ya karatasi, Marlys alifungua pochi yake. Akaitoa kadi. Akaigeuza nyuma, akapiga namba iliyoandikwa pale.

Muziki ulipiga mpaka akachoka. Hatimaye akapokea mwanamke mchangamfu aliyejitaja kuwa anaitwa Rochelle.

"Nikusaidie nini mama yangu?"

"Nataka kujua habari za simu ya mkwe wangu. Iliyoibwa."

"Ngoja niangalie. Ee, hii hapa. Naona tunasubiri ripoti ya polisi tu." Rochelle alibofya kitu kwenye kompyuta yake. "Samahani mama. Hii ndiyo ile simu uliyotuandikia Jumatatu?"

"Jumatatu? Mimi sijaandika chochote Jumatatu."

"Kupitia akaunti yako, kwenye intaneti. Jumatatu asubuhi uliuliza hivi, nakusomea: 'Simu imetumbukia kwenye tundu la barafu ziwani, je, mnalipa?' Mwenzangu akakujibu kwamba simu iliyopotea hatulipi. Iliyoharibika tunalipa, ila lazima utuletee hiyo simu yenyewe. Iliyoibwa tunalipa, ukileta ripoti ya polisi. Halafu Alhamisi ukarudi ukasema imeibwa."

Marlys aliketi.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Sasa nikuulize mimi, maana madai haya yana jina lako na si la mkweo. Hii simu ilizama au iliibwa?"

Hapo, msomaji, ndipo mwanamke angetakiwa kupiga ukelele usikike mpaka Kanada. Marlys akasema: "Asante sana mwanangu, umenisaidia. Siku njema." Akakata simu.

Siku njema! Ningemtikisa.

Lakini alipogeuka, uso wake haukuwa wa kumimina kahawa tena. Alimwendea mumewe kwenye kiti cha magurudumu.

"Orrin, simu ya Galen iko ziwani. Aliitumbukiza Jumapili, alipokwenda kuvua kwenye kibanda chako."

Orrin alisema neno lake.

"Ndiyo," alisema Marlys. "Vaa kofia. Tunakwenda."

Asingeweza kumwacha peke yake, na msaidizi ndiyo hivyo amefukuzwa. Kumtoa mzee yule kwenye kiti na kumwingiza kwenye pikapu, kazi ambayo Pa Nhia huifanya huku anaimba, ilimtoa Marlys jasho kwenye baridi ya kuua ng'ombe. Katikati ya ua miguu iliteleza, wakaanguka wote wawili kwenye theluji, yeye chini, mzee juu. Walilala pale wakitazamana.

"Umeninenepea," alisema Marlys.

Orrin akacheka mpaka machozi yakaganda. Mwishowe walifika kwenye kiti cha gari kwa kusukumana, kuvutana na matusi ya aina moja.

Ziwa lilikuwa limeganda tangu kabla ya Krismasi, magari yanapita juu yake kama barabara. Vibanda vya wavuvi vimesambaa kote, kila kimoja na bomba lake la moshi na tundu sakafuni la kuvulia chini ya barafu. Cha Orrin ni kile cha kijani karibu na matete. Alikijenga kwa mikono yake, na alipougua, Galen alijimilikisha bila kuuliza.

Marlys aliegesha pikapu mlangoni, akaacha injini inanguruma na joto limewashwa, akamfunika mumewe blanketi mbili na kumgeuzia uso aone kibanda. Ndani aliwasha jiko. Alivunja utando wa barafu mpya kwenye tundu kwa upawa wa chuma. Alikuwa amevua kwenye maziwa haya kabla Galen hajazaliwa, hakuhitaji kufundishwa.

Ukutani ilining'inia kamera ya kuvulia, ile ya kuteremshwa majini kwa waya ili mvuvi aone kwenye skrini kama samaki wapo au anajisumbua. Galen alijinunulia mwaka jana kwa majivuno mengi. Marlys aliiteremsha polepole.

Maji ya kijani. Majani. Tope. Samaki mmoja alikuja akaitazama kamera, akaondoka zake.

Akaizungusha kidogo.

Na hapo, msomaji, imejichomeka kwenye tope kama kijiko kwenye uji, na kava lake la rangi ya chungwa, na kamba yake ya mkononi inapepea majini taratibu, ilikuwa simu iliyoibwa Jumatano jikoni.

Marlys alichukua fimbo fupi ya kuvulia, akafunga ndoana ya meno matatu, akaiteremsha huku jicho liko kwenye skrini. Ndoana ilipita kando. Akaivuta, akairudisha. Ilikwama kwenye kamba, ikateleza, ikaachia. Alitukana, tena tusi la mumewe. Mara ya tatu ilinasa. Alizungusha roli la uzi polepole, pumzi ameibana, mpaka kitu cha rangi ya chungwa kikatokeza kwenye tundu kinachuruzika maji.

Aliiweka mezani. Akatoa simu yake, akapiga kituo cha polisi.

"Mwambieni Norquist aje kwenye kibanda cha Orrin ziwani. Simu ninayo. Na Pa Nhia hajaiba kitu."

Haya sasa! Maneno hayo angeyasema jikoni asubuhi. Lakini ameyasema, na mimi nilishaanza kumsamehe.

Hakuwahi kurudisha simu mfukoni, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Galen, na ndoo ya chambo mkononi. Nyuma yake, amevaa koti la zamani la baba yake, alikuwa Kirsten.

Galen aliiona simu mezani. Ndoo ikamponyoka, samaki wadogo wakatapakaa miguuni wanarukaruka.

"Mama... umeipata wapi?"

"Pale ilipoibwa."

"Labda... labda yule msichana aliitupa humu kuficha."

"Ufunguo wa humu anao nani, Galen?"

"Basi labda..."

"Usiendelee," alisema Marlys. "Hata samaki wanakusikiliza wanaona aibu."

Kirsten alimwangalia mumewe kama mtu anavyoangalia mbwa aliyekojoa zulia. "Galen, nenda nje ukakae na baba."

Na Galen, ndevu zote zile, akatoka. Nje zilisikika sauti mbili: Galen anasema "Habari baba," na Orrin anamjibu kwa lile neno.

Kirsten alifunga mlango.

"Amepataje nenosiri langu?" aliuliza Marlys. "Ulimpa wewe?"

"Galen? Galen hata nenosiri lake mwenyewe halikumbuki." Kirsten alivua glovu, kidole baada ya kidole. "Ni mimi niliyeandika, mama. Jumatatu na Alhamisi. Yeye nilimwambia tu aende polisi, na aseme nini."

Binti yake. Yule aliyemfungulia akaunti hiyo mwenyewe, mwaka jana, kwa sauti tamu: mama, nakurahisishia maisha.

"Kwa nini?" alisema. "Nieleze, maana sielewi. Simu ilikuwa hapa, chini ya miguu yake. Angeivua tu. Benki nimeongea nao asubuhi, nikakosa hata la kuwajibu: waliwaambia wazi kwamba iliyoharibika wanalipa ukiipeleka. Mimi na magoti yangu haya nimeivua. Mngelipwa kwa haki, bila kumpaka mtu matope."

"Galen alisema ni baridi."

"Kirsten."

"Sawa." Binti alikaa kwenye kiti cha baba yake. "Mwanzoni ilikuwa simu. Halafu nikafikiria. Mama, nimekuomba mara ngapi muuze nyumba? Nimekutafutia kituo kizuri cha wazee, mna chumba chenu, mna wauguzi. Kila nikikuomba unaniambia nini? 'Pa Nhia yupo.' Nikikwambia baba ni mzito, 'Pa Nhia yupo.' Sasa mnunuzi amepatikana, anaitaka kwa sababu ya ufukwe wa ziwa, na hatangoja mpaka kiangazi."

"Kwa hiyo mmemwita mwizi."

"Nilitaka uone mwenyewe kwamba peke yako huwezi."

"Mmemwita mwizi mtoto wa watu, aliyemfuta baba yako mavi kwa mwaka mzima, wewe ukija Krismasi na keki ya dukani!"

Alipaza sauti. Ndiyo, Marlys Bakken alipaza sauti, na wavuvi wa vibanda vya jirani nina hakika walisimamisha fimbo zao.

"Atapata kazi nyingine," alisema Kirsten. "Wale hawakosi."

Wale.

Nimeandika sehemu tano za hadithi hii nikimchukia Galen, msomaji, na naona nilipoteza chuki yangu bure. Galen ni mvivu tu, mwongo wa bei rahisi. Huyu aliyekaa kwenye kiti cha baba yake, anayechukua bima ya simu na kuifanya kamba ya kumfunga mama yake mzazi, huyu ndiye wa kutapikiwa.

"Tumbo langu," alisema Marlys polepole. "Tumbo langu hili ndilo lililokuzaa?"

Kirsten akaanza kulia. Alilia vizuri, bila kelele, mabega yanatikisika. "Mama, nisikilize. Madai ni ya jina lako. Ukimpa Norquist hiyo simu, wa kwanza kuulizwa ni wewe, si mimi. Kudanganya bima ni kosa kubwa. Irudishe kwenye tundu. Jumatatu nitafuta madai, tutasema Galen aliisahau mahali. Na yule msichana tutasema tumemsamehe."

"Mmemsamehe kosa gani?"



Marlys aliichukua simu, bado inachuruzika, akaitia ndani ya koti lake, karibu na kifua. "Naitoa. Wakitaka kunifunga, wanifunge. Jina la Pa Nhia haliendi jimboni Jumatatu."

Nje ilisikika gari likija juu ya barafu, ule mlio wa chini unaopita miguuni kabla masikio hayajausikia. Norquist.

Kirsten alisimama haraka, akamshika mama yake mikono yote miwili. Uso umelowa, pua imekuwa nyekundu, alifanana kabisa na alivyokuwa na miaka sita.

"Basi nipe nafasi niseme mwenyewe. Tafadhali, mama. Usinitaje wewe. Niache nijitaje. Nikikiri kwa mdomo wangu, labda wataniangalia kwa huruma. Nakuomba."

Marlys aliutazama uso ule wa miaka sita.

Usikubali, Marlys. Kama ungeweza kunisikia ningekupigia kelele kutoka hapa ninapoandika.

"Haya," alisema Marlys. "Useme mwenyewe."

Akampangusa na machozi, mjinga wa watu. Kwa kidole gumba, kama zamani.

Norquist aliingia akiinama, theluji kwenye kofia, Galen nyuma yake. Kibanda kikajaa. Marlys alitoa simu kifuani, akaiweka kwenye kiganja cha askari.

"Hiyo hapo. Ilikuwa chini ya maji, kwenye tundu hilo. Tangu Jumapili."

Norquist aliigeuzageuza. Maji yalimtiririkia kwenye mkono wa koti. "Basi haikuibwa."

"Haikuibwa."

"Kwa hiyo yule msichana..."

"Hana kosa lolote. Piga simu kwa wakubwa wake sasa hivi, mbele yangu."

Na Norquist, nimpe haki yake, alipiga pale pale. Alimwambia msimamizi kwamba hakuna wizi, ripoti inafutwa, jina la binti lisipelekwe popote. Marlys alisikia kila neno, na mabega yake yakashuka. Pa Nhia alikuwa amepona.

Kisha askari akatoa kalamu. "Sasa Marlys, lazima nikuulize. Kuna mtu aliwaandikia watu wa bima kwamba imeibwa. Galen ameniambia hapo nje kwamba madai yana jina lako. Ni nani aliyeandika?"

Marlys alimgeukia binti yake, akamwashiria kwa kichwa aseme, kumpa moyo.

Kirsten alivuta pumzi. Alitoa leso, akajifuta macho.

"Afisa," alisema, "hili ni gumu kwangu. Tulitaka libaki la familia." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Mama yangu siku hizi hayuko sawa. Anasahau. Galen alimwambia Jumapili kwamba simu imetumbukia, na Alhamisi mama akamshikilia kwamba imeibwa jikoni. Akamsukuma aende polisi. Kwenye akaunti yake haingii mtu mwingine, ni yeye mwenyewe. Kwa kweli tulishindwa kumpinga."

"Kweli kabisa," alisema Galen, samaki mdogo bado amenasa kwenye kamba ya kiatu chake.

"Yule binti wa watu, masikini, sisi ndio tunaopaswa kumwomba radhi. Na leo hebu ona mwenyewe, afisa." Kirsten aliusukuma mlango. Nje, ndani ya pikapu inayotoa moshi, Orrin alikuwa amelala upande mmoja, kofia imemshukia machoni, blanketi zimeporomoka, suruali yake imelowa theluji ya kule uani. "Mgonjwa wa kiharusi. Kwenye baridi hii. Amemleta juu ya barafu akiwa peke yake ndani ya gari. Amemwangusha, mtazame. Asubuhi ameongea na benki, na hakuwaambia kitu chochote cha maana, ulizia. Mama, pole. Pole sana, mama yangu. Tutakutafutia msaada."

Akamkumbatia. Mbele ya askari, alimkumbatia mama yake kwa mikono yote miwili, shavu kwa shavu.

Norquist alivua kofia. Alimfahamu Marlys tangu utotoni, alikula keki yake asubuhi ile ile. Alimtazama jinsi watu wanavyotazama nyumba iliyoungua. Akapiga hatua moja, akainama kidogo, na alipozungumza alizungumza polepole na kwa sauti ya juu, kama unavyomsemesha mtoto.

"Marlys. Hebu niambie. Leo ni siku gani?"

Marlys alijua. Alijua siku, alijua tarehe, alijua ni nani aliyekaa kwenye kile kiti na alisema nini. Alifungua mdomo. Harufu ya manukato ya binti yake ilikuwa puani mwake, mikono ya binti yake ilikuwa bado imembana mgongoni, na kinyaa kilimpanda kutoka tumboni kikamjaa kooni, na sauti haikutoka.

Norquist alisubiri. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika.